Kilo Sitini na Nane

Kesi ya chombo cha Ruurd Eelman niliitatua mimi, Griet, mpishi wa chama cha vyombo vya tanga cha ufukwe wa Nguzo ya Tisa, na yeyote atakayekuambia ni polisi, kamuulize polisi mwenyewe. Basi, tusizidishe chumvi. Niliitatua nikiwa jikoni, nimewapa mgongo, wala sijui kama kuna kesi, na kazi kubwa ilifanywa na viazi. Lakini nilikuwepo. Na yale ambayo sikuyasikia kupitia kidirisha cha kupitishia supu, Aukje, polisi mwenyewe, alinisimulia baadaye kwa vikombe vitatu vya kahawa na vipande vya keki ambavyo kwa heshima yake sikuvihesabu.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake ndiyo mbio za kuzunguka kisiwa. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, nguvu saba, ukikasirika nane. Bendera nyekundu ilipepea ufukweni tangu asubuhi: hakuna ruhusa kushusha chombo. Ruurd Eelman akashusha chake. Saa nane mchana mtu mmoja aliyekuwa juu ya vilima vya mchanga aliona tanga likilala majini na hakuliona likiinuka, akapiga simu. Boti ya uokoaji ilimkuta Ruurd njiani, anarudi polepole, usukani mmoja umevunjika, midomo ya bluu. Alikuwa peke yake. Wakamsindikiza hadi ufukweni, wakarudi bandarini kusubiri karatasi.

Na karatasi ni ya Sajenti Aukje Zegel.

Aliingia saa tisa na robo, mlango ukimponyoka kwa upepo na kupiga ukuta. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, koti la mvua limemzidi, mfukoni peremende nyeusi za chumvi zile ambazo wageni huzitema. Kabla ya kuingia alikuwa amekizunguka chombo kule nje mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayenunua kondoo.

Ruurd alikuwa kwenye benchi karibu na jiko la moto, amefungwa blanketi mbili juu ya suti yake ya mpira. Kando yake alikaa Hidde Vlaming, mwenyekiti wa chama na mpinzani wake wa miaka yote, akimnywesha supu yangu.

"Kunywa, mshenzi wewe," Hidde alikuwa akisema. "Kesho nataka nikushinde ukiwa hai. Maiti sina raha ya kumshinda."

"Inaunguza."

"Ndiyo kazi ya supu. Afande, karibu. Mwizi wako huyu hapa."

Aukje akavuta kiti, akatandaza karatasi juu ya meza.

"Jina lako nalijua, Ruurd, siku unazaliwa mama yako alipiga kelele hadi kwetu. Twende penye kazi. Chomboni mlikuwa wangapi?"

"Mmoja. Mimi tu."

Kulikuwa na kisanduku kwenye karatasi ile, kidogo kama kucha: idadi ya watu chomboni. Kikishajazwa na kutiwa sahihi, boti ya uokoaji inazima injini na helikopta inakwenda zake. Aukje aliiweka kalamu juu ya kisanduku, kisha akaiondoa bila kuandika.

"Waya wa mbele umekatika," akasema.

Ruurd akanyanyua macho. Hakumtazama Aukje, alitazama saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa cha Aukje.

"Mlingoti ulipopiga maji."

"Waya wa nyuma ni wako wewe mshika usukani. Huo ni mzima. Wa mbele ni wa mwenzako. Ndio uliokatika."

"Vitu hukatika, Aukje. Upepo nguvu saba."

Inawezekana. Hata Hidde alitikisa kichwa kukubali. Vyombo vyetu hivi, katamarani, ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa turubai la kukalia, juu yake tanga la kutosha kufunika nyumba. Upepo ukikaza, watu wawili hujining'iniza nje kwa waya, miguu ukingoni, mgongo juu ya maji, ili uzito wao ukizuie chombo kupinduka. Mshika usukani nyuma, mtu wa waya mbele. Yeye wa mbele ndiye anayelipwa mawimbi.

"Joost yuko wapi?" Aukje aliuliza. Joost ndiye aliyekuwa mtu wa waya wa Ruurd, jitu la kilo tisini na mbili.

"Nyumbani. Alivunjika mkono Jumanne."

"Kweli," Hidde akasema. "Alianguka kwenye baiskeli yake, tena imesimama."

Aukje akapiga simu kwa Joost. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hakuna. Akainuka, akaenda dirishani na redio yake ya mkononi. Nje povu lilikuwa linaruka juu ya mchanga kama manyoya ya kuku. Alimwambia mwenzake aliye bandarini na boti ya uokoaji amtafute Joost: nyumbani, baa, popote. Kisha akauliza maji yanajaa saa ngapi.

"Saa kumi na moja na dakika arobaini," redio ikajibu. "Bamvua, na upepo unayasukuma zaidi. Aukje, tuandike mmoja? Helikopta inaombwa kaskazini, kuna meli ina mgonjwa."

"Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Maji yalikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja. Kwa suti nyembamba, mtu aliyemo ndani ana saa mbili, akiwa mnene tatu. Aukje hakuyasema hayo kwa sauti, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilimwona tu anatia peremende ya pili mdomoni kabla ya kumaliza ya kwanza.

"Nisimulie ilivyokuwa," akamwambia Ruurd. "Mwanzo."

"Niliondoka saa saba. Nilitaka kuujaribu usukani mpya kabla ya kesho."

"Bendera uliiona?"

"Niliiona."

"Halafu?"

Hapo ndipo Ruurd alipopata rangi usoni kwa mara ya kwanza. Wanaume hawa ukiwauliza kuhusu wake zao wanajibu maneno mawili. Waulize kuhusu upepo.

"Aukje, sijawahi kwenda vile. Ulikuwa unatoka hapa," akageuza bega lake la kushoto, blanketi ikaanguka, "na mtumbwi mmoja ulikuwa hewani muda wote, haugusi kitu. Matone yanakupiga usoni kama changarawe. Usukani unavuma. Unajua ule mvumo? Kama nyuki ndani ya chupa. Ukinyamaza tu ujue umetoka majini na huendeshi tena, unaomba Mungu."

"Na haukunyamaza," Hidde akasema. Alikuwa ameweka bakuli chini, mkono wake wa kulia umeshika usukani usiokuwepo.

"Ulinyamaza mara moja! Ukarudi. Nikageuza kwenda na upepo, tukafungua puto..." Akakohoa. "Puto likajaa, pua ikainuka, nikaona wimbi la mbele linanikimbia nami nalifukuza."

Puto ni lile tanga kubwa la mbele, jepesi, la kwenda na upepo. Hidde akacheka.

"Puto, peke yako, nguvu saba? Una mikono mingapi?"

"Ulikuwa upepo mtamu."

"Mikono mitatu! Mmoja usukani, mmoja kamba ya tanga kuu, mmoja kamba ya puto. Griet, umemwona huyu? Anadanganya kama mvuvi."

"Mimi nakata vitunguu," nikasema kupitia dirishani. "Usinitie kwenye bahari zenu."

Aukje hakucheka. Aliandika neno moja katika kijitabu chake, sio kwenye karatasi.

"Ikazama pua," akamsaidia.

"Ikazama pua. Wimbi lilisimama mbele yangu nikaliingia. Nyuma ikainuka, nikarushwa mbele kama jiwe. Nilipoibuka chombo kimelala, tanga majini."

"Wapi?"

"Hapa mbele. Kilomita moja kutoka Nguzo ya Tisa."

Akatazama saa tena. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Ilikuwa mara ya nne. Aukje alikuwa anazihesabu kwa vijistari pembeni mwa ukurasa, aliniambia baadaye.

"Una miadi?" akamwuliza.

"Hapana. Kwa nini?"

"Saa ile iko mbele dakika tano. Nakuambia tu usije ukachelewa."

Hidde akainuka kuongeza kuni. Alikuwa mtu mzuri, Hidde, na nasema hivyo mapema kwa sababu ya yaliyofuata. Akiwa ameinamia jiko akasema, "Nilisikia unatafuta mtu wa waya wa kesho. Umepata?"

"Bado."

"Sasa hutahitaji, una chombo cha usukani mmoja. Lakini ulinitisha. Nikasema huyu sasa atamkodolea macho dada yangu."

Ruurd akaangalia bakuli lake.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu kisiwa chetu. Mtu akikuibia mke, mtanuniana mwaka mzima, kisha mtakutana kwenye harusi ya mtu na kunywa pamoja. Akikuibia mtu wako wa waya usiku wa kuamkia mbio, hata watoto wenu hawatasalimiana. Maaike Vlaming alikuwa amening'inia kwenye waya wa kaka yake Hidde miaka tisa. Mwepesi, mwenye magoti ya paka, na anajua Hidde atageuza chombo kabla Hidde mwenyewe hajajua. Wanaume watatu walishamwomba waziwazi. Mmoja wao alihamia bara.

"Na yeye Maaike yuko wapi leo?" Aukje aliuliza, kama anayeuliza habari za mvua.

"Kavuka na feri ya asubuhi. Daktari wa meno."

"Jumamosi?"

"Jino halina kalenda, Afande. Usiku kucha alikuwa ameshika shavu." Hidde akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Hajapiga. Labda bado amepanuliwa mdomo."

Redio ikalia. Aukje akaiweka katikati ya meza, karibu na Ruurd kuliko karibu naye mwenyewe.

"Joost tumempata," sauti ikasema. "Mzima kabisa. Yuko hapa bandarini, anagombana na mimi. Ana plasta mpaka kwenye kiwiko na anajaribu kushusha boti yake ya mpira kwa mkono mmoja. Bandari imefungwa kwa vyombo vidogo tangu saa nane, nimemnyang'anya ufunguo wa injini."

"Mungu mkubwa!" Hidde akapiga paja. "Joost mzima! Aukje, andika mmoja twende nyumbani. Griet, bado kuna supu?"

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikashukuru pia. Akilini nilikuwa nimeshamwona Joost na ukubwa wake wote akielea kifudifudi. Chumba kizima kilipumua. Ila Ruurd. Bakuli lilikuwa limemwinamia mikononi, supu ikamwagikia blanketi, na hakuipangusa.

Aukje alikuwa anamtazama yeye tu.

"Anataka kwenda wapi na boti ya mpira katika hali hii?" akaiuliza redio.

"Hasemi. Anasema kuvua samaki."

"Kwa mkono mmoja."

"Ndicho nilichomwambia. Analia, Aukje. Jitu zima linalia hapa."

"Mkalishe, mbane aseme. Injini ya boti yenu inanguruma?"

"Inanguruma. Lakini helikopta..."

"Mwambie rubani dakika kumi."

Akainuka. Hakurudi kwenye kiti, alikwenda ukutani kwenye ubao wa matangazo, ambako jana yake jioni nilikuwa nimeibandika mwenyewe orodha ya uzito. Kabla ya mbio watu wote hupimwa, wawili wawili, kwa mizani ileile ninayopimia unga. Aukje akapitisha kidole.

"Eelman, sitini na nane," akasoma. Kidole kikaendelea kushuka. Kikasimama mahali, kisha kikaondoka. "Ruurd, chombo chako kikilala majini, kinahitaji kilo ngapi kukiinua?"

Ruurd akajivutia blanketi.

"Hidde?"

"Mia na ishirini," Hidde akasema. "Kila mtoto hapa anajua. Mnasimama wawili juu ya mtumbwi wa chini, mnashika kamba, mnajilaza nyuma kwa uzito wenu wote mpaka mlingoti utoke majini. Mia na ishirini, na katika upepo huu bora..."

Akamgeukia Ruurd taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kikidondoka chumba cha pili.

"Ulikiinuaje?" Aukje akauliza.

"Nilikuwa na mfuko."

"Mfuko gani?"

"Wa maji." Maneno yakaanza kumtoka haraka. "Mnaujua. Ule wa njano wa turubai, wa watu wanaokwenda peke yao. Unaujaza maji ya bahari, unautundika mgongoni, ni kama mtu wa pili anajilaza pamoja nawe. Hidde, uliuona, ninao tangu mwaka juzi. Una jina langu."

"Anao," Hidde akasema. Ungemwona alivyofurahi kuweza kusema hivyo. "Ni kweli, Aukje. Anao. Hukaa bandani kwenye msumari."

"Uko wapi sasa? Chomboni sikuuona."

"Ulikuwa mzito, chombo kilipoinuka ukataka kunirudisha chini. Nikaukata. Ukaenda na maji."

Lilikuwa jibu zuri. Mfuko wa maji hukatwa, na bahari haitoi ushahidi. Nilimwona akirudi mezani, akikaa, akichukua kalamu. Aliishusha juu ya kile kisanduku. Redio ikakoroma: "Aukje? Rubani anauliza."

Sasa mimi, kama nilivyosema, nilikuwa nakata vitunguu. Kesho yake walikuwa wanakuja watu arobaini wa kula, na asubuhi saa mbili gunia langu la karatasi lililowa mvua likapasuka, viazi vyote chini. Bandani kulikuwa na mfuko mgumu, mzuri, umetundikwa kwenye msumari haufanyi kazi. Niliuazima. Bila kuomba, jambo ambalo kuna watu hulipa jina jingine. Na nilipokuwa nasikia habari ya mfuko uliokatwa baharini, nilikuwa nimekaa juu yake.

Nilitaka kunyamaza, nakuambia ukweli. Ruurd nilimpa maziwa kwa mkono wangu akiwa hajui kutembea. Nikafikiri, labda ana wa pili. Kisha nikamwona Hidde kupitia kidirisha, amesimama na kipande cha kuni mkononi, uso umejaa shukrani kwa mfuko ule kama umemwokoa mtu wake. Nikainuka.

Uliburutika vizuri kwenye sakafu. Nikausimamisha kati ya benchi na meza, na kwa kuwa kamba ya mdomo ilikuwa imelegea, viazi vitano sita vikatoka, vikabingirika mpaka kwenye miguu ya Ruurd iliyo pekupeku. Upande wa mbele, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama mkono wangu: EELMAN.

"Ndio huu?" nikamwuliza. "Nilikuwa nao tangu saa mbili asubuhi, mwanangu. Samahani. Nilikuwa naurudisha."

Upepo ulikuwa unasukuma mlango kana kwamba nao unataka kuingia kuona.

Ruurd hakuvitazama viazi. Alitazama saa.

"Fungu la Bol linazama saa ngapi?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Bol ni lile fungu la mchanga la kusini, kilomita sita kutoka alikosema alipindukia. Siku za kawaida kiini chake hubaki kikavu hata maji yakijaa, sili hulala pale. Siku ya bamvua na upepo kama ule, hapabaki pa kusimama hata shakwe.

"Saa kumi na moja," Aukje akasema. Redio ilikuwa tayari mdomoni. "Bol! Boti na helikopta, zote Bol, sasa hivi. Mtu mmoja yuko juu ya fungu." Akakiachia kitufe. "Yuko hai?"

"Alikuwa amesimama. Nilipomwacha alikuwa amesimama. Goti limetoka, hakuweza kupanda tena kwenye mawimbi yale, na waya wake umekatika. Alisema niende, nimwambie Joost alete boti. Nilimpigia Joost kabla hawajanikuta. Alisema dakika ishirini, Aukje! Nilijua ameshachukuliwa. Nilijua yuko njiani."

"Nani?" Hidde akasema.

Aukje aliandika mbili katika kile kisanduku. Aliandika kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.

"Ruurd. Nani?"

Sitini na nane, na hamsini na tisa ya pale kidole cha Aukje kiliposimama, ni mia na ishirini na saba. Hidde alikuwa anaitazama orodha yangu ukutani, na nadhani alikuwa ameshaijumlisha, lakini alitaka aisikie kwa mdomo wa mtu.

"Ilikuwa majaribio tu," Ruurd akasema. "Mara moja. Alinishikisha mkono nimwapie kwamba sitakuambia."

Hidde alikitua kile kipande cha kuni juu ya benchi, polepole, kama kitu cha kioo. Akatoa simu yake, akalitafuta jina la dada yake, akapiga, akaiweka sikioni. Tukasubiri naye.

Ikaita ndani ya begi la Ruurd, chini ya benchi.